Safari ya Watoto Baharini, Lamu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa wazazi, walezi, na walimu wa shule na madrasa wanaotaka kumwandikisha mtoto katika safari yetu ya kujifunza tanga na utunzaji wa bahari. Maswali yote yameulizwa na wazazi wenyewe, na mengine huulizwa kila tunapotangaza safari mpya. Yasome kabla ya kutia sahihi fomu ya ruhusa.

Safari yenyewe ni ipi, na watoto wanakwenda wapi?

Ni safari ya siku moja kwa mashua ya tanga. Tunaondoka gatini mji wa Lamu, tunavuka hadi Kisiwa cha Manda, kisha tunaingia hori ya mikoko, yaani mkono mwembamba wa bahari unaoingia kisiwani, mpaka magofu ya Takwa. Pale tunashuka, tunatembelea magofu, halafu tunakwenda kwa miguu hadi upande wa pili wa kisiwa, kwenye ufuo unaotazamana na bahari kuu. Jioni watoto wanarudi nyumbani.

Tumechagua Takwa kwa sababu safari hiyo moja ina kila kitu tunachotaka mtoto akione: mlango wa maji wenye mkondo, mikoko, mji wa kale, na ufuo ambao bahari hutupa kila kinachotupwa ndani yake. Takwa ulikuwa mji wa watu kati ya karne ya 15 na ya 17, kisha ukahamwa. Msikiti wake wa Ijumaa na kaburi lake la nguzo bado vimesimama. Wazee husimulia kwamba watu wake walihamia Shela, kijiji cha ng'ambo kisiwani Lamu, na kugeuka chumvi kwa maji ya visima hutajwa miongoni mwa sababu. Mtoto akisimama kwenye kisima cha Takwa anaelewa jambo ambalo ubao wa darasani haumwelewishi: mji mzima unaweza kuhama kwa sababu ya maji.

Mtoto wa umri gani anaweza kwenda?

Miaka 9 hadi 13. Walio wadogo zaidi huchoka mapema na jua huwashinda. Waliozidi 13 tunawapokea kama wasaidizi, wakiwa wameshawahi kusafiri nasi.

Kwa nini hamtoi ratiba ya mwaka mzima? Tarehe zenu hubadilika kila mara.

Kwa sababu hori ya Takwa haiingiliki maji yakiwa yamekupwa. Mashua ikichelewa mle ndani hukwama topeni kati ya mikoko, na hapo hakuna la kufanya ila kungoja maji yajae tena, saa nyingi baadaye, usiku ukiwa umeshaingia. Hatuwezi kuwafanyia watoto hivyo.

Kwa hiyo siku tunaichagua kwa mwezi wa angani. Mwezi unapoandama, na unapokuwa mpevu, ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na katika pwani yetu kujaa kwenyewe huwa alasiri, kunako saa kumi. Hilo limechelewa mno kwetu. Siku ya saba au ya nane tangu mwezi kuandama ni maji mafu, maji hujaa asubuhi lakini hayapandi vya kutosha. Zinazotufaa ni siku za katikati, siku ya kumi au ya kumi na moja hivi tangu mwezi kuandama, na tena zilizo mfano wake baada ya mwezi mpevu kupungua na kubaki nusu. Siku hizo maji hujaa kunako adhuhuri. Tunaondoka saa tatu asubuhi, tunaingia hori maji yakiwa bado yanapanda, na kabla ya saa nane tumeshatoka.

Ongeza hapo sharti la kuwa Jumamosi au likizo ya shule, na upepo uwe wa kadiri, ndipo utaona kwa nini hatuwezi kuahidi tarehe ya miezi sita ijayo. Juni na Julai hatusafiri kabisa, kwa sababu kusi, upepo wa kutoka kusini, huwa imechachamaa. Agosti, kusi inapolegea, na msimu wa kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, kuanzia Desemba hadi Machi ndiyo miezi yetu mizuri.

Watoto wenyewe tunawafundisha kupiga hesabu hii. Kila siku maji huchelewa kwa takriban dakika 50 kuliko jana yake. Mtoto akijua leo yalijaa saa ngapi, anaweza kukwambia yatajaa saa ngapi kesho kutwa.

Mtoto wangu hajui kuogelea. Aende?

Aende. Watoto wengi wa mji wa Lamu hawajui kuogelea ingawa wanalala wakisikia bahari, na wazazi wengi huona haya kulisema. Usione haya. Tuambie ukweli kwenye fomu, kwa kuwa atakayetudhuru ni yule aliyeandikiwa kwamba anajua na kumbe hajui.

Kila mtoto, anayejua na asiyejua, huvaa jaketi la kujiokolea tangu gatini hadi anaporudi gatini. Halivuliwi mashuani hata kukiwa shwari na hata kukiwa na joto. Jaketi lazima limkae sawasawa. Tunambana mikanda yote, pamoja na ule unaopita katikati ya miguu, kisha tunamwinua kwa kushika mabega ya jaketi. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa kwake, na tunambadilishia. Jaketi la mtu mzima kwa mtoto ni hatari: akianguka majini linaweza kumtoka kichwani.

Wiki moja kabla ya safari tunakutana ufuoni, maji yakiwa ya kiunoni, na kila mtoto anaingia akiwa na jaketi lake. Anajifunza kulala chali na kulegeza mwili, kisha kukunja magoti kifuani na kungoja bila kuhangaika. Wengine hulia mara ya kwanza, na hatumlazimishi mtu. Asiyekubali siku hiyo hatasafiri safari hii, ila nafasi yake tunamwekea safari nyingine.

Nani anaongoza mashua, na watoto wanasimamiwa na nani?

Nahodha mwenye leseni, mzoefu wa njia hiyo kwa misimu yote, pamoja na mabaharia wawili. Mashua ina ukaguzi wa Mamlaka ya Bahari ya Kenya, na idadi ya abiria iliyoandikwa haipitwi hata na mtoto mmoja. Kila watoto wanne wana mtu mzima wao, ambaye kazi yake ni kuwatazama wao tu. Nyuma yetu hufuata boti ya mashini yenye kisanduku cha huduma ya kwanza.

Nahodha akisema hatuondoki, hatuondoki. Mzazi asimbembeleze, na mwalimu asimwambie watoto wameshavaa.

Kuhusu tanga, watoto wanajifunza nini hasa?

Wanafanya kazi kwa mikono yao. Kabla ya kuondoka kila mtoto anajua kuonyesha kwa kidole omo na tezi, yaani mbele na nyuma ya mashua, mlingoti, foromali, yaani mti unaobeba tanga, henza, kamba ya kupandishia tanga, na demani, kamba ya kulizuia. Tanga hupandishwa na watoto wenyewe wakivuta henza kwa pamoja, na uzito wa foromali huwashangaza wote.

Kisha ni upepo. Nahodha wetu huanza na somo moja lisilohitaji chombo chochote. Humwita mtoto akae karibu na usukani, afumbe macho, ageuze kichwa polepole. "Mwanangu, sikio gani linavuma?" Mtoto hugeuka mpaka masikio yote mawili yavume sawa, kisha hunyoosha mkono mbele ya pua yake. Akifumbua macho, huona mkono wake umeelekea kule hasa upepo unakotoka. Tangu hapo nahodha humuuliza tena na tena njiani, na akikosea hurudishwa kufumba macho.

Msimu wa kaskazi, kwenda Manda ni kubisha, yaani kupanda dhidi ya upepo kwa kukata upande huu na upande ule. Hapa watoto hujifunza zaidi ya mahali pengine popote. Tanga la mashua zetu halivuki lenyewe. Foromali husimamishwa wima, tanga likapitishwa mbele ya mlingoti hadi upande wa pili, na demani ikahamishwa nalo. Wakati huohuo watoto huhamia upande wa pili wa mashua, kwa utaratibu, na magunia ya mchanga yaliyo farumi, yaani uzito wa kuituliza mashua, husogezwa na mabaharia. Yote hayo hufanyika kwa sauti moja ya nahodha. Mara ya kwanza ni fujo. Mara ya nne hivi utaona mtoto ameshasogea kabla ya kuambiwa, kwa sababu ametazama tanga na kulielewa. Kurudi, upepo ukiwa nyuma, ndipo hupewa zamu ya kushika usukani, mmoja mmoja, mkono wa nahodha ukiwa karibu.

Hujifunza pia kusoma maji. Penye rangi hafifu ya kijani pana fungu la mchanga. Penye weusi huenda ni kina kirefu au ni majani ya bahari, na tofauti yake hujulikana kwa kutazama ukingo wake. Tunasimama kidogo juu ya majani hayo watoto wachungulie. Humo hula kasa, humo hukua samaki wadogo, na humo ndimo lilimo tumaini la nguva, ambaye amebaki adimu sana katika maji yetu.

Wasichana wanakwenda?

Ndiyo, na tunawataka. Kila safari ina walimu wa kike, na wasichana wanaweza kukaa pamoja wakipenda. Lakini kazi ni zilezile: henza, demani, usukani, kufua maji yaliyoingia mashuani.

Kuhusu mavazi, tunaomba buibui refu libaki nyumbani siku hiyo. Si suala la mila. Nguo ndefu ikilowa huwa nzito, na hunasa kwenye kamba. Suruali pana na kanzu fupi ya mikono mirefu zinasitiri vizuri. Hijabu iwe ya kuvaa kichwani bila pini, kwa sababu pini ikichomoka hutoboa jaketi au jicho la mwenzake. Mama mmoja mmoja hutuuliza kama binti yake ataunguzwa na jua. Ataunguzwa kidogo, kama kaka yake. Mpe kofia ya kuvaa juu ya hijabu.

Bahari ikimlevya je?

Huwatokea wachache, maana tunasafiri kwenye maji yaliyokingwa na visiwa. Ale kidogo asubuhi, asije na tumbo tupu wala lililojaa chai ya maziwa. Akianza kuchafukwa na roho tunamhamishia tezi, karibu na nahodha, na kumwambia atazame mbali ufuoni.

Kwa nini mnatumia muda mwingi kwenye mikoko? Mwanangu anaiona kila siku.

Anaiona, lakini hajaiingia. Tukiwa ndani ya hori tanga hushushwa na mashua husukumwa kwa upondo, yaani mti mrefu, ili watoto wasikie. Huwa kimya kwanza, halafu huanza kusikia: kaa wanavyogonga topeni, samaki wadogo wanavyoruka mizizini.

Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Kaunti ya Lamu. Mizizi yake huzuia udongo usimezwe na bahari, na samaki na kamba tunaowala hukulia humo wakiwa wadogo. Tena, watoto wa mji wa kale wanalala chini ya mikoko kila usiku bila kufikiria: dari za nyumba zetu ni boriti, na vyumba vya Lamu ni vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti. Kwa karne nyingi majahazi yaliipeleka boriti Uarabuni, mpaka Kenya ilipopiga marufuku kuiuza nje mwaka 1982. Hatuwaambii watoto kwamba kukata mkoko ni dhambi. Baba za baadhi yao wanaishi kwa kazi hiyo. Tunawaonyesha mahali palipokatwa kwa mpango, miche ikiwa inachipua, na mahali palipokatwa ovyo, tope likiwa tupu na limepasuka. Wanaona wenyewe.

Miguu ivae raba za kufunga. Ndara hubaki topeni, na chaza walioshikamana na mizizi hukata nyayo kama wembe.

Kwa nini watoto waokote taka ambazo hawakuzitupa wao?

Swali hili ni la haki, na mzazi mmoja aliliuliza kwa hasira. Jibu letu ni kwamba hatuwapeleki watoto kusafisha ufuo. Ufuo ule hauwezi kusafishwa na watoto kwa saa moja, na kuwaambia wameusafisha kungekuwa kuwadanganya, kwani mawimbi ya usiku huleta nyingine.

Tunawapeleka wakachunguze. Kila kundi hupimiwa kipande cha ufuo kwa kamba, huokota kila kilichomo, kisha humwaga kwenye mkeka na kukigawa: ndara, chupa, vifuniko, nyavu na kamba, na vipande vilivyokwisha kumomonyoka hata havijulikani vilikuwa nini. Halafu maswali. Hii imetoka dukani kwetu? Hii ina maandishi ya nchi gani? Huwa zipo chupa za ng'ambo ya Bahari ya Hindi, na huwa zipo za hapa hapa, zilizonunuliwa mjini na kutupwa gatini. Watoto hupenda sana kuwalaumu watu wa mbali, na tunawaacha wahesabu kwanza. Mara nyingi mtoto hukuta kifuniko cha soda anayoipenda.

Hawagusi vioo, sindano, wala makopo ya dawa. Wana glavu, na mtu mzima wao yuko nao.

Zile taka mnazipeleka wapi?

Tunarudi nazo mjini. Plastiki ngumu huenda kwa wanaoichakata hapa Lamu. Wengi mnaifahamu Flipflopi, mashua iliyoundwa hapa kwa plastiki iliyookotwa, fundi mkuu wake akiwa Ali Skanda, na kuvishwa ndara zilizokusanywa fuoni. Ilishushwa majini Septemba 2018, na mwanzoni mwa 2019 ikasafiri kwa tanga hadi Zanzibar. Tunawasimulia watoto habari zake pale pale kwenye mkeka, wakiwa wameshika ndara mkononi, kwa sababu hapo ndipo swali la "itafaa nini?" huwa la kweli. Lakini tunawaambia pia kwamba plastiki nyingi laini haina wa kuichukua, na dawa yake ni kutoinunua.

Wakikuta kiota cha kasa?

Hawakigusi, hawakikanyagi, na hawawaiti wenzao kwa kelele. Tunaweka alama na kuwaarifu wanaolinda viota. Kiota kimoja huwa na mayai mia moja hivi, na hukaa mchangani takriban siku 60. Joto la mchanga ndilo huamua watoto wawe majike au madume: mchanga ukipata joto zaidi, majike huzidi. Hili huwasisimua watoto kuliko somo lolote la darasani, na maswali hayaishi mpaka gatini.

Chakula na maji?

Mahamri, mbaazi, ndizi na machungwa tunaandaa sisi. Mpe mtoto chupa ya maji ya kujaza tena, lita moja na nusu. Chupa za plastiki za kutumia mara moja na mifuko ya nailoni haviingii mashuani: mifuko imepigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, na tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi fuoni na kwenye maeneo ya hifadhi. Tafadhali usimfichie biskuti za pakiti. Tunaziona.

Sala ya adhuhuri?

Inasaliwa Takwa. Kuna nafasi safi na maji ya udhu tunakwenda nayo. Watoto wasio Waislamu hukaa na mwalimu wao kivulini kwa muda huo.

Ni gharama gani?

Mchango wa mzazi hutangazwa pamoja na kila safari, kwa kuwa bei ya mafuta ya boti ya usalama na kiingilio cha Takwa kinachotozwa na Makumbusho ya Taifa hubadilika. Mtoto hazuiwi kwa kukosa pesa. Mzungumzie mwalimu wake kwa siri. Orodha ya waliolipa haisomwi mbele ya watoto.

Simu na picha?

Simu ya mtoto ibaki nyumbani. Picha tunapiga sisi, kwa waliotia alama ya ndiyo kwenye fomu.

Ninaweza kufuatana na mwanangu?

Mashuani, hapana, labda awe na hali ya kiafya inayokuhitaji. Mtoto aliye na mzazi wake huuliza kila jambo kwa macho kabla ya kulifanya. Karibu gatini asubuhi, na karibu zaidi jioni, umsikilize wakati habari bado ni mbichi.

Mwanangu ana ulemavu. Mnampokea?

Tunampokea, na tuzungumze mapema. Kushuka Takwa kuna tope na ngazi, kwa hiyo asiyeweza kutembea hubebwa na mabaharia au hubaki mashuani na kundi lake, kutegemea atakavyopenda yeye. Kwa asiyesikia tunahitaji kujua mapema ili amri za nahodha ziwe na ishara za mkono. Ishara hizo siku hizi tunazitumia kwa watoto wote, kwa sababu upepo ukivuma hakuna anayesikia vizuri.

Shule za bara zinaweza kuja?

Ndiyo, kwa makundi yasiyozidi mashua moja, na tunapenda kuwachanganya na watoto wa hapa. Waje siku mbili kabla, wapate ile siku ya mazoezi ufuoni. Haturuki hatua hiyo kwa mtu yeyote.

Mwanangu amerudi anasema anataka kuwa nahodha. Nifanye nini?

Kwanza mwulize upepo leo unatoka wapi, na umsikilize jibu lake. Kisha, likizo inapofika, mpeleke Matondoni, kijiji cha hapa kisiwani Lamu, akaone mashua zinavyoundwa na kutiwa kalafati, yaani kuzibwa nafasi za mbao. Mafundi wa pale hawamfukuzi mtoto mwenye adabu anayetoa shikamoo na kukaa kando. Kwetu kuna mazoezi ya mafundo na usukani kila mwisho wa mwezi kwa waliokwisha safiri, hayana malipo, ila lazima awe amejifunza kuogelea. Waalimu wa kuogelea tunao, wa kike na wa kiume, na zamu za wasichana ni Jumapili asubuhi. Jina lake liandikishwe na mwalimu wake wa shule au wa madrasa.